Kigingi Kilichomuua Menza

Wiki iliyopita tulimwacha Kache Ngala ameteremka kutoka kizimba cha mashahidi, miguu yake imo njiani. Bi Rispah, wakili wa upande wa mashtaka, alikuwa amemwuliza kama mtu aliyemuua ndugu yake yumo ndani ya chumba kile cha mahakama hapo Kwale. Kache alijibu kwamba yumo. Jaji akamwambia aende akamguse.

Kutoka pale alipokuwa mpaka kwa mshtakiwa zilikuwa hatua sita. Kache alizipiga zote sita. Tofiki Suleiman, kijana wa Msambweni, umri miaka ishirini na mitatu, miezi kumi na mmoja rumande, alimwona anamjia na akafumba macho.

Alipoyafumbua, Kache alikuwa ameshampita.

Alipita kizimba cha mshtakiwa. Akapita meza ya mawakili. Akafika benchi la tatu la wasikilizaji, akasimama mbele ya mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mwanamume aliyekuwa amempakata mtoto mchanga wa miezi minne. Akamweka mkono begani.

"Ni huyu," alisema. "Dzombo."

Kisha akamtwaa mtoto mapajani mwake, akamkabidhi mwanamke wa kwanza aliyemwona mwisho wa benchi, wala hakumtazama ni nani. Mwanamke huyo alikuwa Bi Mwanafatuma, mama yake Tofiki.

Msomaji uliyetukuta njiani, elewa uzito wa mkono ule. Menza, ndugu wa pekee wa Kache, alikuwa kijana wa Samburu, kule Kinango barabara kuu inakopita. Alishuka Diani kuvuta ngamia wa kupandisha watalii ufukweni. Dzombo alikuwa mwenzake wa kazi. Walikula sahani moja na kulala chumba kimoja Ukunda. Tofiki naye alikuwa nahodha wa boti yenye sakafu ya kioo, ya kuwaonyesha wageni samaki wa miambani. Desemba iliyopita vijana wa ngamia na vijana wa boti walipigana ufukweni mchana kweupe, na Menza akafa. Kafi la Tofiki lilipatikana lina damu. Dzombo ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza, akala kiapo kwamba kafi lile ndilo lililomuua rafiki yake.

Na huyo Dzombo ndiye mume wa Kache. Mtoto yule ni wake.

Chumba kilivurugika. Watu wa Msambweni walisimama upande mmoja, watu wa Samburu upande wa pili, na jaji aligonga meza mpaka mkono ukamwuma. Aliamuru mlango ufungwe, asitoke mtu, na askari mmoja akae ubavuni mwa Dzombo. Dzombo hakubishana. Alisema kwa upole kwamba mkewe ana hasira za nyumbani, na akaomba radhi kwa mahakama kwa niaba yake.

Kache alirudishwa kizimbani. Bi Rispah, ambaye shahidi wake alikuwa amemgeukia mbele ya umati, alifungua faili akasoma maelezo ambayo Kache mwenyewe aliwaandikisha polisi wiki ya kifo. Ndani yake alikuwa amemtaja Tofiki mara tano. Akamwonyesha sahihi. Kache akakiri kwamba ni yake.

"Basi ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

"Nilidanganya wakati ule," Kache alijibu. "Nilikuwa na mimba ya Dzombo, na Menza alikuwa ameshakufa. Nilimtazama aliyebaki."

Jaji akamwambia aeleze tangu mwanzo, pole pole, karani apate kuandika.

Ilikuwa saa nne asubuhi, Kache alisema, na wageni walikuwa wamejaa ufukweni. Yeye alikuwa ameketi kwenye mkeka wake chini ya mti wa mvinje, anamsuka nywele binti wa Kizungu. Menza alikuwa anavuta ngamia mmoja na Dzombo mwingine. Boti ya Tofiki ilikuwa imetia nanga karibu na mchanga, abiria wanapanda. Ngamia wa Menza akanasa mguu kwenye kamba ya nanga. Akashtuka, akaruka, akaiyumbisha boti nzima, na bibi mmoja mzee akaanguka majini kichwa mbele.

Maji yalikuwa ya magotini. Bibi aliinuliwa, hana hata mkwaruzo. Lakini Menza alicheka.

Kache alisema kama si kicheko kile, nduguye angekuwa hai leo. Tofiki aliruka kutoka botini akamsukuma kifuani. Menza akamchapa kwa fimbo ya ngamia usoni, fimbo ikampasua mdomo wa juu mpaka jino likaonekana. Kabla Tofiki hajaufuta mdomo, vijana wa boti walikuwa wanakuja mbio na makafi, na vijana wa ngamia wanakuja mbio na marungu. Walikuwa kama ishirini. Wasiokuwa na silaha waliokota mawe ya matumbawe, yale yenye meno, yanayochana ngozi kabla hayajavunja mfupa.

Wageni walikimbilia hotelini. Ngamia wawili walikata kamba wakaenda mbio upande wa kusini. Kijana mmoja wa boti alipigwa jiwe la jicho akaketi mchangani, ameshika uso kwa mikono miwili, damu inapita katikati ya vidole. Mwingine wa ngamia alivunjiwa chupa kichwani, akaanguka kifudifudi majini, na wenzake wakamkanyaga mgongoni wakiendelea kupigana juu yake. Askari wa hoteli alipuliza filimbi mpaka pumzi ikamwishia. Hakuna aliyethubutu kuamua ugomvi.

Tofiki alichukua kafi. Hapa Kache hakumficha, na Tofiki kizimbani akainamisha kichwa. Alimpiga Menza mkono wa kushoto, ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Akampiga tena ubavuni mwa kichwa, sikio likachanika. Damu iliyopatikana kwenye kafi ilikuwa damu ya sikio hilo.

"Lakini Menza hakufa kwa hilo," Kache alisema. "Aliinuka."

Aliinuka kwa mkono mmoja, akamrukia Tofiki kiunoni, wakaanguka wote wawili majini. Wakabiringishana. Kila aliyepata nafasi ya kuwa juu alimbana mwenzake koo na kumzamisha. Kache aliacha kichwa cha yule binti nusu hakijasukwa, akakimbia mpaka majini. Alikuwa karibu nao kama alivyokuwa karibu na jaji.

Ndipo alipomwona Dzombo. Alikuwa ameng'oa mchangani kigingi cha chuma cha kufungia ngamia, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka kiganjani, ncha kali chini na pete juu. Alikuja nacho amekiinua kwa mikono miwili.

"Chuma kilipoanza kushuka, aliyekuwa juu ni Tofiki," Kache alisema. "Kilipofika, aliyekuwa juu ni Menza."

Wiki mbili kabla ya hapo, daktari alikuwa ameieleza mahakama kwamba mfupa wa kisogoni mwa marehemu ulikuwa na tundu dogo, na wakili wa Tofiki, Bwana Luqman, aliuliza kafi pana linawezaje kutoboa tundu dogo. Siku ile hakujibiwa. Sasa alikuwa amejibiwa.

Dzombo alikichomoa kigingi, Kache aliendelea. Akaliita jina la Menza mara mbili. Menza alikuwa anaelea, uso chini, na maji yanabadilika rangi kumzunguka. Kisha Dzombo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba Tofiki ameua. Wote waliokuwepo wakaigeukia kelele ile. Wakati wanageuka, alikiviringisha kigingi ndani ya leso ya Kache, akakitia katika kikapu cha Kache cha nywele za kusukia, kilichobaki mkekani.

"Akaniambia, ukinitaja utazika wawili."

Bwana Luqman alisimama kwa zamu yake. Alikuwa wakili wa makamo, mpole, na alijua kwamba kesi yote iko mkononi mwake. Aliuliza mambo mawili tu. La kwanza, kwa nini leo.

Kache alieleza kwamba kwao jina la marehemu halitupwi, hupewa mtoto anayezaliwa baada yake. Alipojifungua mtoto wa kiume alitaka kumwita Menza. Dzombo alikataa. Alipomwita kwa jina hilo kwa siri, akimnyonyesha, Dzombo alisikia, akampiga Kache kofi huku mtoto bado yuko titini. Akamwambia jina lile lisisikike tena nyumbani mwake.

"Mtu aliyefiwa na rafiki hawezi kuliogopa jina lake," Kache alisema. "Nikaona siishi na mtu aliyepiga kwa bahati mbaya. Naishi na mtu aliyeapa uongo, na uongo huo anataka niulee pamoja na mtoto."

La pili, Luqman akauliza kigingi kiko wapi.

"Kwa baba yangu, Samburu. Nilikwenda nacho tulipompeleka Menza kuzikwa. Nikakifukia kwenye zizi la mbuzi, kwenye pembe, chini ya—"

Hakumaliza.

Dzombo alimpiga askari kiwiko cha pua. Askari akaanguka nyuma na benchi lake. Kwa hatua mbili Dzombo alikuwa ameuruka ubao unaowatenga wasikilizaji, na kwa hatua ya tatu alikuwa na shingo ya Kache ndani ya mikono yake. Shati lile jeupe likapasuka mgongoni Luqman alipolivuta. Dzombo hakusikia. Alimbana mkewe kwenye ukuta wa kizimba, akamwinua mpaka vidole vya miguu vikaacha sakafu. Mkufu wa ushanga ulikatika, shanga zikamwagika. Karani alijificha chini ya meza. Macho ya Kache yalianza kupinduka.

Tofiki aliruka kizimba chake.

Pingu alikuwa amefunguliwa, kama anavyofunguliwa kila mshtakiwa anapoingia mahakamani, na askari jela wake wawili walikuwa wanatazama anakotazama kila mtu. Alimfikia Dzombo kwa nyuma, akamshika ukosi, akamvuta, akampigiza kichwa kwenye pembe ya kizimba cha mashahidi. Mikono ya Dzombo ikaachia. Kache alianguka chini anakohoa na kutapika.

Hapo Tofiki angesimama, msomaji, tungemwita shujaa na hadithi hii ingekaribia mwisho.

Alimpigiza mara ya pili. Dzombo akalegea magoti, akaenda chini. Tofiki akaenda chini pamoja naye. Alimkalia kifuani, akamshika masikio yote mawili, akakiinua kile kichwa na kukishusha kwenye sakafu ya saruji. Akakiinua tena. Mlio wa mara ya nne haukuwa kama mlio wa mara ya kwanza, na kila aliyekuwepo aliusikia. Askari jela walimvuta mabega, hakuvutika. Mmoja alimpiga rungu la mgongo, hakugeuka.

Aliyemsimamisha ni mama yake. Bi Mwanafatuma alikuwa amesogea mbele, mtoto wa Dzombo kwenye bega lake, na hakupaza sauti.

"Tofiki. Mwachie, mwanangu. Ameshalala."

Tofiki akaachia. Akaitazama mikono yake. Askari walipomtia pingu na kumburura kuelekea mlango wa mahabusu, alisema maneno manne tu, "Miezi kumi na mmoja," wala hakuyaelekeza kwa mtu yeyote.

Dzombo alibebwa na watu wanne. Damu ilikuwa inamtoka masikioni.

Jaji alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake muda wote huo. Aliketi, akaomba maji, akayanywa yote. Kisha alimwambia karani atoke chini ya meza na aandike kwamba yeye mwenyewe ameyaona haya kwa macho yake. Kipigo cha kwanza kilimwokoa shahidi, alisema. Kuhusu vile vilivyofuata, itabidi mtu amweleze.

Robo saa kabla ya hapo Bwana Luqman alikuwa mtu aliyeshinda kesi. Sasa alikuwa anafuta matone ya damu kwenye faili lake kwa leso ya mfukoni, na Bi Rispah alikuwa ameshasimama kuomba mshtakiwa arudishwe rumande chini ya ulinzi mkali. Maombi yalikubaliwa. Lakini jaji aliongeza amri moja. Inspekta Tsuma, kachero aliyeipeleleza kesi hii tangu mwanzo, afuatane na shahidi mpaka Samburu mchana huo huo na arudi na kigingi. Kikipatikana, shtaka la kumuua Menza halina miguu ya kusimamia. Kisipopatikana, maneno ya Kache ni maneno ya mke aliyegombana na mumewe.

Bi Mwanafatuma alimrudishia Kache mtoto nje ya ukumbi. Yule mama akamfunga mtoto mgongoni mwa Kache kwa mikono yake mwenyewe, akalikaza fundo la leso, akaenda zake.

Walipanda Kinango na kuteremkia nchi kame, Tsuma kwenye usukani na Kache ubavuni mwake. Tsuma alikuwa Mduruma mwenzake, na alikuwa amekasirika. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyemkamata Tofiki, na kwamba kwa miezi kumi na mmoja alilala usingizi akiamini amefanya kazi yake. Kache alijibu kwa sauti iliyokwaruza kwamba yeye hakulala.

Saa nane na nusu walifika kwa Mzee Ngala. Boma liko mbali kidogo na barabara kuu, malori yanasikika lakini hayaonekani. Kaburi la Menza liko upande wa mashariki wa nyumba, limepangwa mawe. Ngala alikuwa anakata miiba ya kuzibia ua. Alikuwa mwembamba, mrefu, mtu wa mifugo tangu utoto. Kache alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akazitazama alama nyeusi kwenye shingo ya binti yake.

Tsuma alimweleza kwa heshima kilichowaleta, na kilichotokea mahakamani. Mzee alisikiliza yote amesimama. Alipoambiwa kwamba Dzombo yuko hospitali na hali yake si nzuri, panga lilimtoka mkononi. Aliliokota. Akawaonyesha zizi kwa kidevu.

Kache aliijua pembe ile. Tsuma alivua koti, akashika jembe, akachimba mpaka kwenye kiwiko. Akatoka na gunia dogo la sukari, limeoza upande mmoja. Akalikung'uta. Mchanga ukamwagika, na mavi ya mbuzi.

Chuma hakikuwemo.

Tsuma alipanua shimo. Akachimba upande wa kulia, akachimba upande wa kushoto, jasho likampofua. Kisha alitupa jembe, akamgeukia Kache na kumwuliza kama anajua watu wangapi wamemwaga damu leo kwa ajili ya gunia tupu. Kache alikuwa amepiga magoti, anaufukua udongo kwa kucha. Alisema alikifukia pale. Alisema hakumwambia mtu yeyote, hata Dzombo hakujua ni wapi.

"Usichimbe tena," baba yake alisema. "Hakipo hapo."

Aliingia nyumbani. Alikaa kidogo. Alipotoka alikuwa na kitu kilichoviringishwa kwenye kikoi cha zamani, na alikifungua mbele yao taratibu. Kutu ilikuwa imekishika katikati, lakini ncha ilikuwa nyeusi, na kwenye mfereji wa ncha ile nywele tatu nne zilikuwa zimeganda bado.

Mbwa alilifukua lile gunia siku ya saba baada ya maziko, Ngala alieleza. Yeye alivijua vigingi vya ngamia. Na nywele za mwanawe alizijua. Akakitoa, gunia akalirudisha shimoni na kulifukia. Aliketi nacho siku nzima porini, akajiuliza nani amekileta bomani kwake. Jibu lilikuwa mmoja wa watu wawili, na wote wawili walikuwa wanakula kwake.

Kache aliinuka pole pole.

"Ulijua, baba."

"Nilijua."

"Ukanipa kwake. Ukala harusi."

"Ulikuwa na tumbo," Ngala alisema. "Na mwanangu wa kuzaa nilikuwa nimeshamweka pale." Alionyesha mawe ya kaburi. "Mifugo hii inataka mwanamume. Boma linataka mwanamume. Ningemtaja Dzombo ningewapoteza wawili kwa pigo moja. Yule kijana wa pwani sikumjua, na mama yake sikumjua. Nikaona afadhali alie yule nisiyemjua."

Kache hakulia. Alimwambia kwamba yeye amembeba yule mama machoni miezi kumi na mmoja, kila siku ya kesi, na leo amemwachia mwanawe ampakate. Ngala alitazama chini. Alisema amechoka kulala karibu na kile chuma. Alisema usiku humsikia Menza anaukwangua mlango. Akamnyooshea Tsuma mkono wenye kigingi.

Tsuma alitoa mfuko wa vielelezo. Alikuwa anaufungua mdomo wa mfuko ule simu yake ilipolia.

Alisikiliza. Aliuliza saa ngapi, akasikiliza tena, akakata. Akamtazama Kache kwanza, kisha mtoto mgongoni mwake.

Dzombo alikuwa amekata roho saa nane kasoro dakika kumi. Hakupata fahamu, hakusema neno.

Kache alishika kigogo cha mlango wa zizi. Alikuwa mjane. Asubuhi ile alimgusa mumewe bega mbele ya watu, na mguso huo ndio uliomwua, au ndivyo kichwa chake kilivyomwambia. Tofiki, ambaye yeye alitaka kumtoa jela, alikuwa amemfanya mjane mbele ya jaji.

Tsuma alinyoosha mkono kupokea kigingi. Ngala alikuwa amekirudisha kifuani kwake.

"Mzee," Tsuma alisema, "hicho ni mali ya mahakama."

"Sasa wamekwisha wote wawili," Ngala alisema. "Na huyu wa pili nimeambiwa aliyemuua ni nani. Mnataka nimpe chuma cha kumwokolea shingo?"

Tsuma alimweleza upesi kwamba bila kigingi kile Tofiki atajibu vifo viwili, na kimoja hakukitenda. Ngala alijibu kwamba na ajibu. Akageuka, akaelekea nyuma ya nyumba kwa hatua ndefu, kwenye choo cha shimo ambacho Menza mwenyewe alikichimba futi thelathini kwenda chini.

Tsuma alimkimbilia, akamshika bega. Mzee aligeuka na chuma. Hakumpiga kwa hasira, alimpiga kama anavyopigwa fahali anayekataa njia, mara moja, kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulivunjika. Tsuma alipiga magoti, na mkono wake wa kushoto ukaanza kuitafuta bastola upande usiokuwa wake.

Kache ndiye aliyefika. Alimkuta baba yake amesimama mlangoni pa choo, mkono umenyooshwa juu ya tundu. Alikidaka kigingi kwa upande wa ncha. Ncha ilimkata kiganja, damu yake ikateremka juu ya nywele za ndugu yake. Hakuachia. Ngala akavuta kwa pete, Kache akavuta kwa ncha, na mtoto mgongoni aliamka akaanza kulia.

Walikuwa karibu, uso kwa uso. Baba aliacha kuvuta. Alizungumza kwa sauti aliyokuwa akimsemea alipokuwa mdogo.

"Kache, huyo anayekulilia mgongoni kafanywa yatima leo. Hiki chuma unakivuta ili nani atoke?"

Nyuma yao Tsuma alikuwa ameipata bastola, na alikuwa anamwamuru mzee akitupe chini. Hakuna aliyemsikia. Kache alimtazama baba yake. Alisikia kilio cha mwanawe kikimpita masikioni, na alihisi vidole vyake, kimoja kimoja, vinaanza kulegea.